Sukari, Ugoro na Chuo cha Kabete

Baba mpendwa,

Leo Kerugoya kumenyesha tangu asubuhi, mvua ile ya kwetu isiyo na haraka, nami nimefunga duka la dawa za mifugo mapema nikaketi barazani na kalamu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichoniandikia nilipokuwa bwenini, Kiswahili chako cha reli, ukisema Kikuyu ni cha kuongea na Kiingereza ni cha kuogopa. Najua barua hii haina stesheni ya kushukia. Naiandika hata hivyo, maana kuna jambo la nyumbani linanikalia vibaya, na mambo ya namna hii nilizoea kukuletea wewe.

Ni mjukuu wako Kariuki, aliyebeba jina lako. Yuko kidato cha sita, anafanya vizuri, na Jumatatu lazima arudishe shuleni fomu ya kuchagua vyuo vikuu. Nafasi ni chache kuliko watoto wanaozitaka, na akishapelekwa mahali, hapo ndipo maisha yake yatakapoanzia. Mimi nimeshamchagulia. Yeye amenyamaza. Unajua vile mtu wa jina lako hunyamaza: anashika kikombe kwa mikono miwili na kutazama ukuta. Nikimwona hivyo nakuona wewe ndani ya treni tukitoka Nairobi, umeshika kofia yako kwa mikono miwili, ukitazama dirisha kana kwamba dirisha ndilo limekukosea.

Nimekumbuka safari ile wiki nzima. Wacha niirudie hapa, na kama kuna wengine watakaoisoma barua hii juu ya bega lako, wataelewa kwa nini mzee wa reli aliishi akimwita mtoto wake mama.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Mama yako alikuwa Wambui, na alikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo nilipofika nikawa Wambui, na wewe hukuniita hivyo hata siku moja. Uliniita Maitu, yaani mama. “Maitu, lete kofia.” “Maitu, umemaliza kazi ya shule?” Wageni walioshuka Sagana walicheka kumsikia karani wa stesheni, mwanamume mrefu mwenye vifungo vya shaba, akimwita mama msichana asiye na viatu. Mimi sikuona ajabu. Nilijua pia kwamba umama wangu ulikuwa wa jina tu, kwa sababu nikichelewa kutoka mtoni mama yako alikuwa anachapwa kama watoto wengine.

Unakumbuka Malkia? Reli haikuruhusu ng'ombe nyuma ya nyumba zake, na wewe ulimfuga nyuma ya nyumba yake. Ulimpa jina hilo enzi za mkoloni, ukisema angalau malkia huyu anatupa maziwa. Mkaguzi alipokuja kutoka Nairobi, tulimficha Malkia ndani ya bohari la mizigo katikati ya magunia ya kahawa, na kazi yangu ilikuwa kumshika asilie hadi mkaguzi amalize chai yake. Nilimkuna chini ya shingo na kumwambia sikioni habari za shule. Hakulia. Ulipokuja kutufungulia ulinikuta nimemwegemea, mkono wangu uko juu ya kiuno chake, na ulisimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilifikiri umekasirika. Ulisema tu, “Haya, Maitu, mtoe,” kwa sauti ya chini.

Malkia alikufa kwa homa ya kupe, mvua za masika zikiwa zimeanza. Daktari wa mifugo wa serikali alikuwa wa mashamba ya Wazungu, na ng'ombe mmoja wa karani hakuwa sababu ya kumtoa Nyeri. Nilikaa naye mpaka mwisho, nikampangusa pua, nikamlazimisha kunywa maji. Mama alilia waziwazi. Wewe pia ulilia, ukasema ni moshi wa injini, na siku hiyo hapakuwa na treni.

Halafu nikaenda shule ya bweni, nikaonekana nina kichwa cha sayansi. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na sisi wasichana wa kidato cha sita tulihesabika haraka sana. Vyuo vya Afrika Mashariki vilikuwa vitatu, kila kimoja na ujuzi wake: anayetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, anayetaka uhandisi alibaki Nairobi, na anayetaka kuwa daktari wa watu alipanda treni hadi Kampala. Mwalimu mkuu wetu, mama wa Kizungu aliyependa kuongea akiwa amesimama, alikuandikia kwamba Wambui anaweza kujaribu Kampala. Alisema kujaribu. Wewe ulisoma amefika.

Hapo ndipo ulipofanya kosa ambalo mtu wa reli pekee ndiye angeweza kulifanya. Mtu mwingine angeliambia kanisa lake, labda na majirani. Wewe uliiambia njia nzima. Uliwaambia madereva wa treni, na madereva wakaambia Karatina, Karatina ikaambia Kiganjo, na kabla shule haijafungwa habari zilikuwa zimefika Nanyuki ambako reli inaishia, na nina hakika zingepanda mlima kama reli ingepanda. Nilipokuja nyumbani likizo, mpiga kengele wa stesheni ya Murang'a alinisalimia dirishani, “Daktari, umeamkaje?” Sikumjua hata jina. Nilijibu nimeamka vizuri, nikakaa chini na kuficha uso nyuma ya kitabu.

Sikukuambia kwamba sina hakika. Ningeanzia wapi? Lakini lazima nikupe sifa yako, Baba: hukutaka kunituma mahali usipopaona. Mama alipouliza kwa nini usumbuke, ulisema, “Mimi siwezi peleka mtoto mahali sijaona. Hata gunia ya kahawa mimi hufungua kwanza.” Reli ilikupa pasi ya bure ya likizo kila mwaka, na miaka yote uliitumia kwenda Mombasa kutazama maji na kurudi. Mwaka huo ukasema maji yatangoja. Mama akatufungia viazi vitamu, mayai ya kuchemsha na chapati za kutosha kikosi, wewe ukavaa suti ya harusi yako, tukaenda Kampala.

Ile safari nilifurahia, wacha nikuambie sasa. Tulipita Nakuru, tukapanda mpaka kwenye baridi iliyokufanya uvae kofia juu ya kofia, tukavuka mto Nile pale Jinja nawe ukasimama kwa heshima kana kwamba wimbo wa taifa unapigwa. Ulimweleza kila abiria kazi ya kila taa ya reli. Na ulimwambia kila abiria kwamba huyu ni mama yako, anaenda kusomea udaktari, na ukawaacha watu wamechanganyikiwa mpaka waliposhuka.

Chuo cha Kampala kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Kilima, nyasi zilizokatwa sawasawa, wanafunzi ndani ya majoho mekundu wakienda kula. Ulivua kofia. Ulishika ukuta wa jengo kubwa kwa kiganja, polepole, kuhakikisha ni jiwe. Kijana mmoja wa kutoka Embu, Njeru, aliyekuwa karibu kumaliza udaktari, alitusikia tukiongea Kikuyu akatuzungusha kila mahali mpaka hospitalini. Wodini nilitembea nyuma yenu. Wagonjwa waliniangalia, nami sikujua niweke wapi macho yangu. Sikuogopa damu. Niliogopa vile walivyotaka niwaambie kitu, na mimi sikuwa na kitu cha kuwaambia.

Wewe ulipokwenda kutafuta maji ya kunywa, Njeru aliniuliza kama nimependa. Nikasema ni pazuri. Akacheka.

“Pazuri ni pazuri, hata mimi napenda,” alisema. “Lakini hapa ukikuja kwa sababu ya jina ya daktari, mwaka wa pili itakuonyesha. Wacha nikuulize. Ukiwa mdogo, ni nani alikuwa akiwa mgonjwa unakaa na yeye bila kuambiwa?”

Nilitaka kusema nyanya mzaa mama. Nilitaka kusema ndugu yangu alipougua surua. Ukweli ni kwamba kwa hao niliambiwa. Ambaye sikuambiwa alikuwa Malkia, na niliona aibu kumtaja mbele ya kijana mwenye joho jekundu, kwa hiyo nikasema sijui. Lakini nilikuwa nimeshajua, na tangu hapo nikaona ile safari yote kwa jicho lingine. Niligundua kwamba tangu Sagana kitu nilichokuwa nikitazama dirishani ni mifugo. Mbuzi wa Nakuru walikuwa wembamba. Ng'ombe wa Uganda walikuwa na pembe za kutisha na upole wa ajabu, na nilikuwa nimejiuliza wanaogeshwa wapi dawa ya kupe.

Kwa hiyo tuliporudi Nairobi, na treni ya kwetu ilikuwa mpaka kesho yake, nikakuomba tupande basi twende Kabete, mahali wanapofundishwa madaktari wa mifugo.

“Ati kuona ng'ombe?” ulisema. “Ng'ombe si tuko nayo nyumbani?”

“Tulikuwa nayo.”

Ulinitazama, halafu ukasema sawa, kwa kuwa pasi haikuwa na lingine la kutufanyia siku hiyo. Kabete hapakuwa na joho lolote. Palikuwa na mabati, matope, harufu ya samadi na dawa, na vijana wenye mabuti ya mpira wakibishana juu ya tumbo la ng'ombe mmoja mwekundu. Mwalimu wao alituruhusu kusimama kando. Wewe ulikunja suruali ya harusi mpaka magotini. Mimi sikukaa kando sana. Yule ng'ombe alikuwa anahangaika, na mkono wangu ulikwenda wenyewe chini ya shingo yake, na mwingine ukapanda kiunoni, naye akashusha pumzi na kuniegemea kwa uzito wake wote. Hakuna nililomfanyia zaidi ya hapo. Mwalimu aliniuliza kama nimekuja kuomba nafasi. Nikamuuliza kama wanachukua wasichana. Akasema mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kuomba, na kazi hii ina kuamka na jua, ina kuingiza mkono mpaka begani. Nikasema mkono ninao.

Nikageuka kukutazama. Ulikuwa umesimama na kofia kifuani, na uso wako ulikuwa ule wa mlangoni mwa bohari. Nilidhani ni hasira, kama nilivyodhani mara ya kwanza.

Kwenye treni nilikuambia yote. Nilikuambia Kampala ni pazuri na sipataki, kwamba nikiandika Kampala kwanza kwenye fomu nitakuwa nimeandika ndoto yako, kwamba pale kwenye matope sikuwaza niweke wapi macho yangu. Ulisikiliza mpaka Thika. Halafu ukasema hapana.

“Mimi nimeambia watu daktari,” ulisema. “Sasa watu ya Karatina nitaambia nini? Na wale wa Kiganjo? Ati mtoto wa Kariuki amekataa watu, anataka ng'ombe? Watasema ulishindwa.”

“Sijashindwa, Baba.”

“Najua. Wao hawatajua.”

Na hapo ndipo ulipogeukia dirisha. Tulipofika Murang'a yule mpiga kengele akaja mbio, “Daktari, Kampala wamesemaje?” na wewe ukajibu kwa niaba yangu kwamba wamesema vizuri. Nililia baada ya hapo, nikasema ni moshi. Ulinipa kitambaa chako bila kunitazama.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa ya adabu nyingi. Unajua nyumba ikianza kusema “tafadhali” ujue mambo si mazuri. Fomu ilikuwa ndani ya Biblia yako, haijaandikwa, na shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Mimi niliamua moyoni kwamba ukisema Kampala mara moja zaidi nitaandika Kampala. Sikuwa shujaa. Nilikupenda sana kuweza kukuaibisha kwenye reli nzima.

Basi ikawa Jumamosi mchana, Mama amekwenda kwa akina mama wa kanisa, nami niko jikoni nakoroga githeri, mahindi yetu na maharagwe. Nikasikia hodi. Nikafikiri ni jirani, nikasema ingia. Ukaingia wewe. Wewe, Baba, ambaye hukuwahi kupiga hodi kwenye nyumba yako mwenyewe, na ambaye kwa desturi ya wanaume wa rika lako ulikuwa hujui jiko letu lina madirisha mangapi. Ulikuwa umevaa suti. Ulivuta kile kigoda kifupi cha Mama, ukakaa, magoti yakafika karibu na masikio, ukaweka miguuni pangu furushi la gazeti.

Nikalifungua. Ndani mlikuwa na sukari na mkebe mdogo wa ugoro.

Ugoro, Baba. Mzee wa kanisa, aliyesimama mimbarini kukemea tumbaku, sijui uliununua ukiwa umejifunika nini. Nilitaka kucheka lakini uso wako haukuwa wa kuchekwa.

“Maitu,” ulisema, “nimekuja kukusalimia.”

Nikasema karibu.

“Mama yangu nilikuwa naenda kwake na hii. Sukari ya chai na ugoro. Nikiwa na shida siwezi enda mikono mitupu. Na leo niko na shida.”

Ndipo nikaelewa kwamba hukuja kwangu mimi. Ulikuja kwake. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe jina nililobeba lilikuwa na kazi ya kufanya, na mtu wa kulifanyia kazi hiyo nilikuwa mimi, na mwiko wa githeri mkononi. Nikakaa chini, nikanyoosha sketi yangu ya shule, nikauliza vile nilivyodhani yeye angeuliza.

“Shida gani, mwanangu?”

Ulivua kofia kwa neno lile.

“Niko na mtoto,” ulisema. “Ni mzuri, ako na akili. Anaitwa kwa vyuo. Mimi nimemchagulia, lakini tukiwa Kabete nilimwona amesimama na ng'ombe vile wewe ulikuwa unasimama, mkono hapa, mwingine hapa. Hakuna mtu alimfundisha. Nikaona kama nimemchagulia mahali yangu, si yake. Sasa sijui. Nimekuja kukuuliza wewe. Aende wapi?”

Nilijua jibu langu. Nilichoogopa ni kulisema kwa mdomo wa mtu mwingine. Nikafikiria mwanamke yule ambaye sikumwona, na mkono wake kwenye kiuno cha ng'ombe, na kijana wake mrefu mlangoni akimtazama. Nikasema, “Mwache aende kwa ng'ombe, mwanangu. Mimi pia ningeenda.”

Uliinamisha kichwa. Kisha ukakinga viganja vyako viwili mbele yangu. Nilijua maana yake, nilikuwa nimewaona wazee wakifanyiwa na mama zao: ulikuwa unaomba baraka, na baraka ya mama kwetu huja na mate kidogo kiganjani. Sikuwahi kuwa na mdomo mkavu kama siku ile. Nikatema kadiri nilivyoweza, ukajipaka kifuani, ukasimama, ukajigonga kichwa kwenye rafu ya sufuria.

“Ugoro utafanya nini?” nikauliza.

“Ni yako,” ulisema. “Lakini usinuse.”

Nilinusa, ulipotoka tu. Nilipiga chafya mpaka Mama aliporudi, na bado ninao ule mkebe.

Jumatatu yake ulipanda treni ya kwenda Nanyuki, siku yako ya mapumziko, ukashuka kila stesheni kuirekebisha habari kwa mdomo wako. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na wengi, kila mmoja kwa sauti yako. “Daktari ni yule yule,” uliwaambia. “Ni wagonjwa wamebadilika.” Karatina walicheka. Kiganjo walinyamaza wakafikiri. Na Naro Moru mshika bendera alikuuliza kama naweza kumwangalia mbuzi wake jicho, kwa hiyo nilipata mgonjwa wa kwanza kabla sijapata nafasi.

Nafasi nikaipata. Haikuwa rahisi, na sikukuficha kwenye barua. Nilikuwa msichana peke yangu darasani, mabuti yote yalikuwa ya wanaume, na wapo walioona nimekuja kutafuta mume. Mwenzangu niliyemaliza naye shule alikwenda Kampala, akawa daktari mzuri sana wa watoto, na tukikutana hunionea huruma kwa kucha zangu nami humwonea huruma kwa macho yake yaliyochoka, na kila mmoja hurudi kwake ameridhika. Nafikiri hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kampala hakikuwa chuo kibaya hata kidogo. Kilikuwa cha mtu mwingine.

Na wewe ulifurahia, usikatae. Ulipostaafu ulikuwa unapanda gari langu asubuhi bila kualikwa, unanishikia ndoo. Unamkumbuka yule mkulima wa Kagio aliyetukuta sote wawili zizini, akakushika mkono wewe na kukuita daktari? Ukamwambia, “Hapana, mimi ni mtu ya ndoo. Daktari ni mama yangu.” Maskini aliniangalia, akakuangalia, akaenda kumwita mke wake aje athibitishe. Nacheka hapa barazani peke yangu.

Tangu utuache mwaka juzi, kiti cha kando cha gari kinanisumbua. Wakati mwingine nageuka kukuonyesha ndama.

Sasa nirudi kwa Kariuki, maana ndiyo shida yenyewe na sijaja mikono mitupu, nimekuletea hadithi ndefu. Mimi nimemchagulia Kabete. Nilidhani ni wazi. Ana kichwa, ana duka linalomngoja, nilimwekea hata mabuti yangu ya mpira nikasahau kwamba ana miguu yako. Na nimewaambia watu. Unajua njia yangu haina reli, lakini kutoka Kagio mpaka Kerugoya hakuna zizi ambalo halijasikia kwamba daktari mdogo anakuja. Jana mama mmoja wa Sagana alimwita hivyo hivyo sokoni, “Daktari,” naye akajibu vizuri, kwa adabu, kisha akaficha uso nyuma ya kikapu. Niliona, Baba. Mimi nilijificha nyuma ya kitabu.

Ngoja kidogo. Nasimama.

Nimerudi. Mvua imekwisha na karatasi imepata doa la chai, utanisamehe.

Nilipika chai vile ulivyoipenda, sukari mpaka kijiko kisimame, nikaitia kwenye kile kikombe chako kikubwa cha bati. Nikachukua chini ya kwapa gazeti la leo, la kusoma na chai kama ulivyozoea. Nikavua viatu, nikapiga hodi kwenye mlango wa chumba cha Kariuki, nikavuta stuli yake fupi nikakaa. Alishtuka. Mimi huwa naingia tu.

“Mum, kuna nini?”

“Mimi leo si mama yako,” nikasema. “Nimekuja kumwona baba yangu. Niko na shida.”

Hadithi ya ugoro anaijua, ameisikia tangu utotoni, wewe mwenyewe ulimsimulia. Alitazama kikombe, akatazama gazeti, na polepole akakaa wima kitandani, akanyoosha shati. Akauliza kwa sauti nzito asiyokuwa nayo asubuhi.

“Shida gani, Maitu?”

Baba, sikuwa nimejiandaa kulisikia neno hilo tena. Halafu nikamwambia nina mtoto, ni mzuri, na nadhani nimemchagulia mahali pangu. Nikamuuliza aende wapi.

Akasema Eldoret. Kile chuo kipya, kusomea misitu.

“Misitu?” nikasema, na nilijisikia kabisa nikisema kama wewe, ati ng'ombe si tuko nayo.

“Kila ukinibeba kwa gari twende kwa ng'ombe za huko juu karibu na msitu,” alisema, “wewe ulikuwa unaangalia ng'ombe. Mimi nilikuwa naangalia miti. Hukuwahi kuona?”

Sikuwahi. Miaka yote hiyo nilidhani anangoja nimalize. Wewe ulikuwa unakaa naye nje ya zizi, ndoo katikati yenu, na sasa najiuliza kama wewe ulishaona na ukaniachia nijionee. Nikamuuliza watu wa Kagio nitawaambia nini. Akafikiri, akanywa chai yako yote bila kunipa, akasema hilo ni lako, mimi ni marehemu.

Tulicheka mpaka baba yake akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikakinga viganja. Aliona haya, kijana wa miaka kumi na minane mwenye ndevu mbili, lakini aliinama akatema mate kama inavyotakiwa, na nikajipaka kifuani. Yalikuwa na sukari nyingi.

Fomu ameijaza mbele yangu. Amelala, nami niko hapa na kikombe chako kitupu. Kesho ni siku ya soko Kagio, nitaanzia huko, nishuke Sagana, na nitasema kwa mdomo wangu mwenyewe kila mahali nilipokuwa nimesema. Wakinicheka nitakuwa niko salama, maana wewe walikucheka kabla yangu na ukarudi nyumbani unapiga mluzi.

Pumzika, mwanangu. Mtoto wako alifika.

Mama yako,
Wambui